Siku moja maishani mwangu: kukagua rafu za maziwa ya kopo Mbeya

Saa 1:30 asubuhi, ofisini

Kazi inaanza kwa kupanga mkoba. Ndani yake kuna nakala ya kanuni za uuzaji wa maziwa ya kopo ya watoto wachanga, daftari lililochorwa jedwali, simu yenye chaji, jagi la kupimia la mililita 250 na mzani mdogo wa jikoni. Wenye maduka huuliza mzani ni wa nini. Jibu linapatikana mchana, kwenye duka la dawa.

Tunatoka wawili, mimi wa lishe na mwenzangu afisa afya. Kuondoa bidhaa sokoni si mamlaka yetu. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, kwa hiyo sisi tunakagua, tunaelekeza, na penye tatizo la bidhaa yenyewe tunapeleka taarifa kwenye ofisi yao ya kanda.

Jambo moja liwekwe sawa mapema, maana ndilo linalozua ubishi madukani. Maziwa ya kopo hayajapigwa marufuku. Wapo watoto wanaoyahitaji: aliyefiwa na mama, ambaye mama yake yuko kwenye dawa za saratani, au mwenye galaktosemia, ugonjwa wa kuzaliwa nao ambapo mwili hauwezi kutumia sukari ya maziwa, anayehitaji aina maalumu. Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipopitisha Kanuni ya Kimataifa ya uuzaji wa mbadala wa maziwa ya mama Mei 1981, na Tanzania ilipotunga kanuni zake mwaka 1994 na kuzitunga upya mwaka 2013, kilicholengwa ni ushawishi: tangazo, ofa, zawadi, sampuli ya bure, rafu ya kupambwa, na mtu wa kampuni kumfuata mjamzito au mzazi. Chupa za kunyonyeshea na chuchu zake zimo humo pia.

Saa 3:00, supamaketi

Hatukimbilii kopo. Tunasimama mbali kidogo, pale anapofikia mteja aliyetoka mlangoni na kikapu, na picha ya kwanza inapigwa hapo, ionyeshe rafu nzima, bidhaa za jirani na vibandiko vya bei. Ndipo tunasogea na kupiga kopo moja moja. Picha ya kopo peke yake haina nguvu, kwa sababu meneja anaweza kusema lilikuwa stoo, na hutakuwa na la kumjibu.

Kosa linaloonekana haraka ni la mahali. Makopo yakijengwa mnara mwisho wa rafu, yakitazama mlango, hilo ni onyesho maalumu, na halifai hata kama hakuna neno lililoandikwa. Yanatakiwa yakae kwenye rafu ya kawaida, kimya, anayeyahitaji ayakute.

Bei inahitaji umakini zaidi. Bei ya zamani ikikatwa kwa kalamu nyekundu na mpya kuandikwa chini yake, hiyo ni ofa. Makopo mawili yakifungwa pamoja kwa gundi ya karatasi, au kibakuli kikibandikwa ubavuni, ni zawadi. Lakini duka likiamua kuuza kwa bei nafuu siku zote, Kanuni yenyewe inaruhusu. Kwa hiyo tunaomba ankara na risiti za miezi iliyopita kabla ya kuandika lolote. Mkaguzi anayeruka hatua hii huishia kumwonea mfanyabiashara aliyekuwa anawasaidia wateja wake.

Kisha kuna namba, na hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko popote. Kopo namba 1 ni la mtoto mchanga, namba 2 la kuanzia miezi 6, namba 3 la kuanzia mwaka. Yatazame kwa karibu: rangi ile ile, mnyama yule yule wa kuchorwa, maandishi yaleyale, tofauti ni tarakimu iliyo kwenye duara. Ukilitangaza la namba 3 umelitangaza la namba 1, maana jicho la mama linakumbuka rangi na mnyama. Kwa sababu hiyo mwongozo uliopokelewa na Mkutano Mkuu wa Afya mwaka 2016 uliweka wazi kwamba maziwa yanayouzwa kwa watoto hadi miezi 36 nayo ni mbadala wa maziwa ya mama. Na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 haupendekezi namba 3 kabisa. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili asiyenyonya anatoshelezwa na maziwa ya mnyama yaliyochemshwa pamoja na chakula cha nyumbani. Kwa mkoa wenye Rungwe na ng'ombe wake wa maziwa, kumuuzia mzazi namba 3 kama kitu cha lazima ni kumtia hasara.

"Mama, hii hatukuipanga sisi," meneja anasema. "Alikuja kijana wa kampuni na boksi zake, akapanga, akapiga picha, akaondoka."

Ni kweli mara nyingi, kwa hiyo daftari lina safu ya aliyepanga rafu na siku aliyokuja. Tukiandika jina la duka tu, yule kijana kesho atakuwa duka la pili.

Saa 4:45, Mwanjelwa

Kwenye maduka ya jumla na yale madogo ya kuzunguka soko, tatizo si mapambo tena. Ni lebo. Bidhaa zinafika kwa njia nyingi, nyingine zikipitia mpaka wa Tunduma, na baadhi ya makopo yana maelezo ya lugha ambayo si muuzaji wala mnunuzi anaisoma. Kopo linatakiwa liseme wazi, kwa lugha inayoeleweka, kwamba maziwa ya mama ndiyo bora, kwamba litumike kwa ushauri wa mhudumu wa afya, na namna ya kuandaa pamoja na hatari ya kukosea. Picha ya mtoto haitakiwi. Tunageuza kila kopo, tunasoma namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, na tunaangalia kama kibandiko kimewekwa juu ya tarehe.

Hapa kuna hatari ambayo si ya kampuni bali ya mpangilio wa duka. Paketi ndogo za maziwa ya unga ya kawaida, yale ya chai, zinaning'inizwa palepale juu ya makopo ya watoto. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha, na mzazi aliyeishiwa hela anaona yote ni maziwa ya unga. Kwa mtoto chini ya miezi 6 hayafai: protini na chumvi ni nyingi kwa figo zake, na madini ya chuma ni kidogo. Tunamwomba muuzaji ayahamishie kwenye sukari na majani ya chai. Wengi hukubali hapo hapo.

Chupa za bei rahisi nazo tunazipima. Mimina mililita 100 za maji kutoka kwenye jagi, uone zinafika alama gani. Zipo zinazokosea waziwazi, na zipo ambazo alama zake zinafutika ukizisugua kwa kidole chenye maji. Mama atapimaje?

Saa 6:30, duka la dawa

Kwenye rafu kila kitu ni sawa. Shida iko kwenye mdomo wa kaunta. Mzazi anaingia kununua panado, anasema mtoto analia usiku, anajibiwa: "Dada, maziwa yako hayamtoshi, chukua hili." Ushauri unaotoka kwa mtu aliyevaa koti jeupe una uzito kuliko bango lolote.

Sasa mzani unatoka mkobani. Tunahesabu mbele ya muuzaji. Kijiko cha kopo, kikisawazishwa kwa mgongo wa kisu, kwa chapa nyingi hubeba kama gramu 4.5 na huenda na mililita 30 za maji. Mtoto wa kilo 5 anahitaji karibu mililita 750 kwa siku, yaani kama vijiko 25, sawa na gramu 112. Kopo la gramu 400 linaisha kwa siku tatu na nusu. Kwa mwezi ni makopo 8 au 9. Muuzaji anapoweka bei yake kwenye hesabu hiyo hunyamaza kidogo. Kisha tunaendelea: mzazi anayefanya kopo hilo limfikishe wiki nzima anampa mtoto maziwa nusu, nusu maji. Mtoto anashiba tumbo, uzito hausogei.

Unga huo pia hauko safi asilimia mia. Unaweza kuwa na bakteria aitwaye Cronobacter, hatari zaidi kwa mtoto mchanga na njiti, ndiyo maana maji ya kuukorogea yasipungue nyuzi 70. Mbeya maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, na hayo yanatosha yakitumika ndani ya nusu saa. Kinachoharibu ni chupa ya chai. Msimu wa baridi watu hutunza humo maji ya asubuhi hadi jioni, yakawa yamepoa chini ya kiwango. Wengine hutunza maziwa yenyewe yakiwa vuguvugu, na bakteria hapo huzaana. Yaliyokorogwa yakipita saa mbili, yamwagwe.

Tunagusia VVU pia, kwa kuwa nyanda hizi zimebeba mzigo mkubwa. Mama anayemeza ARV bila kuruka anashauriwa kunyonyesha, maziwa yake tu kwa miezi 6, kisha na chakula cha nyongeza. Kumsukumia kopo kwa sababu ya hali yake ni ushauri uliopitwa na wakati.

Saa 8:30 mchana, kliniki ya mama na mtoto

Tunapitia kuta na meza: kalenda, kalamu, saa ya ukutani yenye nembo ya maziwa. Vyote hushushwa. Baada ya hapo ninakaa na wahudumu kuhusu lile la "hayatoshi". Kilio si kipimo. Kipimo ni uzito kwenye kadi, mkojo mara 6 au zaidi kwa siku baada ya wiki ya kwanza, na kunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Mara nyingi kasoro ni namna mtoto alivyoshika titi: ameshika chuchu tu badala ya kujaza mdomo. Akiwekwa vizuri, kidevu kikigusa titi na mdomo wa chini ukiwa umepinduka nje, sauti ya kumeza inasikika. Ukianza kopo badala ya kurekebisha hilo, titi linanyonywa kidogo na linatengeneza kidogo, na baada ya wiki kadhaa yatakuwa hayatoshi kweli.

Saa 10:30 jioni, ofisini

Picha zinapangwa kwa duka. Kila kosa linaandikiwa hatua yake: kushusha mnara, kuondoa kibandiko cha ofa, kuhamisha paketi za unga. Makopo yenye lebo isiyosomeka au tarehe iliyofunikwa yanaenda kwenye taarifa ya TBS pamoja na namba ya toleo.

Kazi ya mwisho ni simu. Kurasa za maduka ya mtandaoni na "status" za wauzaji hubeba ofa ambazo rafuni hazipo, na hudumu saa 24 tu, kwa hiyo picha ya skrini ipigwe mara moja, ikionyesha jina la ukurasa na saa. Nakala ya barua ya kila duka inasainiwa na mwenye duka mwenyewe, si kijana wa kaunta, na safari ya kurudi haitangazwi.