Juu ni wapi?

Karani wa vifurushi pale stendi ya Nyegezi alikuwa na kalamu ya wino mzito mkononi, na nyuma yangu kulikuwa na foleni ya watu kama kumi. Aliugeuza mzigo wangu mara mbili, akaupiga kofi, akauliza bila kuniangalia, "Mzee, juu ni wapi hapa? Nichore mshale."

Nikaduwaa. Mama mmoja mwenye gunia la dagaa akasonya.

Ndani ya kile kiroba mlikuwa na fimbo tatu za mti wetu wa lubugo, zinakwenda Kamachumu kwa mtoto wa baba mdogo. Upande wa juu nilikuwa nimefunga kila fimbo kamba nyekundu, halafu nikapaka na rangi iliyobaki kwenye kopo tulipopaka geti. Jibu nilikuwa nalo. Kilichoniziba mdomo ni lile swali lenyewe, maana mara ya mwisho kuulizwa hivyo, tena juu ya fimbo tatu za mti huohuo, nilikuwa na miaka tisa na nilijibu uongo.

Ilikuwa Januari 1989. Tulikuwa tumekwenda nyumbani kwa Krismasi kama ilivyo kawaida ya Wahaya. Desemba ikifika hata mwenye madeni anapotea Mwanza, ukimtafuta utamkuta Bukoba kavaa suti. Sikukuu yenyewe naikumbuka kwa harufu tu: senene kwenye kikaango, rubisi, moshi wa kuni, nguo mpya zilizonuka duka. Siku ya kuondoka Babu alimwita Tata, yaani baba yangu, nyuma ya nyumba, na mimi nikafuata.

Mti wa Babu ulisimama katikati ya migomba na mibuni, umeifunika kama mwavuli. Ni ndugu wa mtini, ila tini zake ni ndogo kama njegere na hazina faida kwa mtu. Ndege na popo ndio wanaozijua utamu wake. Kwetu haukupandwa kwa ajili ya tunda. Ulipandwa kwa ajili ya gome. Gome linabanduliwa taratibu, lisichanike, shina linabaki uchi, halafu linavikwa majani ya mgomba lisikauke, na baada ya muda linaota gome jingine. Lile lililotoka linapondwa kwa nyundo za mti zenye mifereji mpaka linatanuka na kulainika, linaanikwa juani, linageuka rangi ya kigae. Hiyo ndiyo lubugo. Watu waliivaa, wakajifunika, wakazikwa nayo. Babu alibakiwa na kipande kimoja kwenye sanduku lake la bati, na sikuwahi kumwona mtu akiponda kingine. Ya jirani zetu Waganda ilitambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Yetu, nitafika huko.

Alikata matawi matatu kwa panga, kila moja refu kunipita mimi, nene kama kifundo cha mkono wa mtu mzima. Mti huu hauna haja ya mbegu wala kitalu, unachomeka tawi kubwa kama hilo ardhini, basi. Akapaka ncha zote mbili tope lililochanganywa na kinyesi cha ng'ombe, akazivika majani. Mwisho akachukua kamba za mgomba, akafunga upande mmoja tu wa kila fimbo.

"Hapa ndipo juu," alimwambia Tata, polepole, kama anayemwelekeza mgeni. Tata alikuwa karani wa stoo mjini na Babu alishamkatia tamaa kwa mambo ya shamba. "Usije ukaupanda kichwa chini kama popo."

Kwa Kihaya ilichekesha zaidi. Tata hakucheka.

Kemondo tukapanda MV Victoria usiku, daraja la tatu, katikati ya mikungu ya ndizi na watu waliolala juu ya mizigo yao. Nikapewa kazi ya kulinda zile fimbo. Kulikuwa na watoto wengine, na kulikuwa na mpira wa makaratasi na majani makavu ya mgomba uliokuwa unafumuka kila ukipigwa. Mtoto mmoja akasema tukipata kamba tutacheza mpaka Mwanza. Mimi ndiye niliyekuwa na kamba. Tatu. Nzuri, mbichi, zimesokotwa na Babu.

Mpira ulidumu dakika kumi hivi, ukaruka juu ya ukingo, ukaingia ziwani. Nikarudi kulala na fimbo zangu kama mlinzi mwaminifu.

Asubuhi bandarini kuli mmoja alimuuliza Tata kama kuni za Bukoba zinaivisha ndizi haraka kuliko za Usukumani. Tata akazibeba mwenyewe begani hadi Igogo, kwenye kile kilima chetu cha mawe, na sikumsikia akilalamika njia nzima.

Nyuma ya nyumba, pale kwenye mwanya kati ya mawe mawili makubwa ambako mvua ilikuwa imekusanya udongo, alichimba mashimo matatu kwa sururu. Alikuwa bado amevaa shati la safari. Akavua majani kwenye ncha, akaosha tope kwa maji ya ndoo. Kisha akasimama.

Aliinua fimbo ya kwanza usawa wa macho, akafumba jicho moja kama seremala anayepima ubao. Akaigeuza. Akafumba jicho la pili. Babu alikuwa amekata mshazari huku na huku, na unene ulikuwa uleule toka mwanzo hadi mwisho.

"Kamba ziko wapi?"

"Zilikatika melini, Tata."

"Wewe si ndiye uliyelala nazo? Juu ni wapi?"

Ningesema sijui. Mpaka leo sielewi kwa nini neno dogo hivyo lilikataa kutoka. Labda ni vile alivyonitazama, bila hasira, kwa matumaini hasa, kama mimi ndiye mkubwa. Nikanyoosha kidole. "Hapa." Ya pili: "Hapa." Ya tatu nilinyamaza kidogo ili ionekane nafikiri, kisha nikasema, "Huku."

Akanyanyua zote kama nilivyosema, akazichomeka, akashindilia udongo kwa kisigino. Jirani yetu, mzee wa Kisukuma, akapita na kusalimia, "Mwangaluka," akauliza kama tunajenga zizi. Tata akamjibu ni miti ya kwao. Mzee akatazama zile fimbo tatu kavu, akatazama mawe, akasema muhogo ungefaa zaidi.

Siku hizi ningejua. Unapapasa gome unatafuta kovu ambako jani lilidondoka. Jicho la chipukizi liko juu ya kovu, siku zote, halibadilishi. Mtoto yeyote wa Kamachumu asingehitaji kamba. Wana Mwanza walituita nshomile, watu wa kusoma, na siku ile tulisimama nshomile wawili, mkubwa na mdogo, mbele ya fimbo, na hakuna aliyeweza kuisoma.

Usiku ule sikulala. Nilimwona Babu. Niliwaona popo. Hesabu niliyoipiga kitandani nadhani ndiyo ya kwanza maishani mwangu kuipiga kwa dhati: kama nimebahatisha zote tatu upande mbaya, zote zitakufa, nikigeuza moja, angalau moja itapona. Kwamba moja ingeweza kuwa sawa na mimi nikaigeuza kuwa mbaya, hilo sikulipa nafasi.

Nikatoka. Mbalamwezi ilikuwa imeyapaka mawe weupe, na chini kule ziwa lilikuwa kimya isipokuwa vyura. Fimbo ya katikati ilikuwa imeshindiliwa kweli. Niliikumbatia, nikaitikisa mbele na nyuma, nikachimbua kwa jiwe, na lile jiwe likachubua gome. Maziwa yakatoka. Utomvu mweupe, mzito, ukashuka mpaka viganjani mwangu, na kila nilipojifuta ukazidi kunata na udongo. Nilipoipata ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, ikanipeleka mweleka, nikaanguka nayo, na mbwa wa jirani akabweka kwa muda ambao ulitosha kuamsha mtaa. Nikalala chali pale chini nimeishika fimbo kifuani. Taa haikuwashwa. Nikaigeuza, nikaisimamisha, nikarudishia udongo kwa mikono, nikaupiga piga kwa viganja kwa sababu kisigino changu kilikuwa kidogo mno.

Asubuhi Mama alinisugua mikono kwa mafuta ya taa. Aliuliza nimeshika nini, nikasema gundi. Tata alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Akaangalia mikono yangu, akaenda nyuma. Nikamfuata kwa mbali. Alisimama mbele ya fimbo ya katikati, ambako udongo ulikuwa umefumuka kama wa fuko, na kwenye gome ule mchubuko ulikuwa umeshaganda rangi ya kahawia. Akaweka kikombe juu ya jiwe. Akashindilia upya kwa kisigino, taratibu, akizunguka.

"Kuanzia leo wewe ndiye utakayemwagilia," akasema. Akachukua chai yake.

Maji ya Igogo mnayajua, yalipanda kilima kwa kichwa cha mtu. Nilimwagilia hadi utosi ukawa na sugu. Ya kwanza ilikauka kabla ya Pasaka. Ya tatu vijana wakubwa waliing'oa wakafanya mlingoti wa goli, na kama tunasema ukweli leo basi niuseme wote: mimi ndiye niliyewaonyesha. Masika yalipokolea, ile ya katikati ikatoa jani moja dogo linalong'aa kama limepakwa mafuta, likiangalia juu.

Tata aliita majirani. Yule mzee wa Kisukuma alikuja, akaligusa jani kwa kidole, akakubali kwamba muhogo si kila kitu. Na hapo ndipo Tata alipoanza ile hadithi yake, aliyoirudia kwa kila mgeni kwa zaidi ya miaka ishirini: "Mimi nilikuwa sijui juu wala chini. Huyu hapa, miaka tisa, ndiye aliyenionyesha." Akisema hivyo aliniwekea mkono begani. Mkono ule ulikuwa mzito. Sijui kama alijua. Kuna siku niliona midomo yake ikitaka kucheka alipofika pale kwenye "ndiye aliyenionyesha", na kuna siku nyingine alisema kwa uso mkavu kabisa, mpaka na mimi nikakaribia kuamini.

Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikitoka kule kwetu, imekaribia kabisa kufika Mwanza. Tata hakupanda meli tena. Tukawa tunazunguka na basi, na safari za nyumbani zikapungua, Babu akaondoka, na kibanja kikagawanywa. Mti wake ulikatwa kuchomea matofali. Sijui niseme nini zaidi juu ya hilo. Matofali yenyewe ndiyo nyumba ya mtoto wa baba mdogo, na tukienda ndimo tunamolala. Tata tulimrudisha nyumbani kwa barabara, katika suti. Tulifungua lile sanduku la bati tukitafuta kipande cha Babu, walau kimguse. Tukakuta panya walishafanya kiota.

Sasa wamebaki na kivuli cha bati tu, kahawa inaungua na jua, na ndiyo maana mtoto wa baba mdogo alipiga simu mwezi uliopita kuomba mbegu. Aliomba kwa aibu kidogo. Mti wa Igogo umeshayakumbatia yale mawe mawili kwa mizizi, umepasua kona ya karo, na kila jioni popo wanaujaa, wananing'inia kichwa chini, wanakula wanachafua nguo kwenye kamba. Mke wangu anataka niukate. Nami nimekuwa nikimwambia kesho tangu alipohamia.

Karani alichora mshale wake. Nilimwonyesha mara mbili. Siku ya pili simu ikalia.

"Zimefika," alisema. "Ila kamba, rangi, na mshale juu? Unatuona wa wapi sisi?"

"Nilitaka kuwa na uhakika tu."

"Sawa, waitu." Nilisikia jembe likigonga jiwe, alikuwa ameshaanza kuchimba. "Hivi ule wa kwenu nani aliupanda? Maana kwenye mawe vile, alijua kazi."

Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya nyuma, na popo wa kwanza walikuwa wanaingia.

"Baba yako mkubwa," nikamwambia.