Dodoma mpaka Haubi na pikipiki, mvua zikiwa bado zinapiga

Kila niliyemwambia naenda Haubi, kijijini kwa bibi huko milima ya Kondoa, mwezi wa tatu alinijibu subiri mwezi wa sita njia ikauke. Lakini bibi alikuwa anaumwa, mjomba keshapiga simu, hapo hamna cha kusubiri. Nikafunga begi kwenye keria, mdogo wangu nyuma, helmeti kila mtu na yake, saa kumi na mbili asubuhi tukawa tumeshatoka mjini.

Naandika hii kwa sababu vijana wengi wa hapa Dodoma wanajifunza kuendesha kwenye ukavu. Mvua huku ni msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, miezi mingine yote ni vumbi na upepo, mtu anasahau kabisa kwamba lami inateleza, halafu siku ya mvua anatoka na spidi ileile ya Agosti. Nimeshawaona wengi wakianguka hivyo na inaniuma kwa sababu mara nyingi ni kitu cha kuzuilika kabisa.

Kabla hatujaondoka nilimwambia dogo, mimi nikilala kwenye kona na wewe lala na mimi, pikipiki ikiyumba usishushe mguu chini hata kidogo, shika keria, mikono yangu usiiguse. Akasema sawa kaka. Abiria anayejirusha upande wa pili kwa woga anaweza kuwaangusha wote hata kama dereva yuko vizuri, na watu hili hawalisemi sana.

Manyunyu yalitukuta Msalato. Mi manyunyu nayaogopa kuliko mvua kubwa, na nina sababu. Lami inakaa na vumbi na oili inayodondoka kwenye magari wiki nzima, sasa matone ya kwanza hayatoshi kuosha, yanachanganya tu, unapata utelezi kama sabuni juu ya sakafu. Mvua ikipiga ya nguvu nusu saa ule uchafu unaondoka na tairi linaanza kushika tena. Kwa hiyo tulipaki kwa mama ntilie mmoja tukanywa chai na chapati mpaka ikanyesha ikatosha, ndo tukaendelea.

Hii barabara ya Dodoma mpaka Babati ni kilometa 251, ilizinduliwa rasmi Aprili 2018, na kwa mtu wa pikipiki ni lami nzuri sana. Ila uzuri wake ndo unaokuvuta uende mbio. Kwenye lami iliyolowa niliacha nafasi mara mbili ya ile ninayoacha siku zote, breki za mbele na za mguu nazishika pamoja taratibu, nabana kidogo kidogo, maana tairi la mbele likijifunga kwenye utelezi huna muda wa kufanya kitu, ushakwenda chini. Na sehemu kubwa ya kupunguza mwendo naiachia gia, nashuka moja moja, klachi naiachia polepole. Mistari myeupe na pundamilia sivipandi nikiwa nimelala, ile rangi ikilowa haina mshiko. Ukiona rangi za upinde wa mvua juu ya lami ujue ni dizeli, hasa kwenye kona na kwenye milima ambako malori yenye tenki limejaa yanamwagia, hapo pikipiki iwe imesimama wima, usiongeze mafuta wala usishike breki, pita tu.

Rasta na matuta ya vijijini nayo yana namna yake. Breki unamaliza kabla ya tuta, ukifika juu yake unakuwa umeshaachia, sababu shokapu za mbele zikiwa zimeshabonyea kwa breki halafu likaja tuta hazina tena nafasi ya kumeza lile pigo. Mi nanyanyuka kidogo kwenye vikanyagio, magoti yakiwa laini, na dogo namgusa goti ajue linakuja. Kwenye makazi sheria ni 50 kwa saa, na kwenye mvua hata hiyo 50 naiona nyingi.

Mbele ya Haneti tukakuta matawi ya miti yamelazwa barabarani. Kila mtu Tanzania anajua maana yake, lori limekufa mbele. Lakini hayo matawi yenyewe ni kikwazo, yamelowa, yanaviringika chini ya tairi, kwa hiyo usiyapande, punguza, angalia nyuma kwenye kioo, hama mapema. Kidogo tena, ng'ombe. Ng'ombe unapita nyuma yake, mbele yake usijaribu, na ukiona ndama kabaki upande wako ngoja kwanza, atamfuata mama yake tu.

Kondoa tukala, nikaangalia cheni, nikapunguza upepo kidogo kwenye matairi yote mawili (pampu ninayo, bila pampu usipunguze), tukaiacha lami tukaanza kupanda milima ya Irangi.

Huku ndo kuna kazi. Milima ya Kondoa ilimomonyoka vibaya zamani mpaka serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka 1973, wengi wanaujua kwa jina la HADO, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye lile eneo lililoharibika ili majani na miti irudi. Imerudi kweli, kuna kijani cha kupendeza. Lakini makorongo yapo bado, na mchanga wote ule ulioshuka toka juu umelala mabondeni, unaukuta katikati ya njia bila taarifa.

Kwenye mchanga mzito dogo nilimshusha atembee. Halafu gia ya pili, nakaa nyuma kidogo ili tairi la mbele liwe jepesi, macho mbali pale ninapotaka kufika, mafuta hayakatwi hayaongezwi, usukani naushika bila kuubana. Utacheza, uache ucheze. Ukiukaza mikono na kutazama chini pale mbele ya tairi, linazama na linageuka lenyewe. Kazi yote ya mchanga, na ya utelezi wowote kwa kweli, inafanyika kabla hujaingia: gia, mwendo na mstari wa kupita uvichague ukiwa bado kwenye pagumu.

Bonde linalofuata lilikuwa udongo mweusi wa mbuga, ule unaonata. Huo hautaki ubishi. Tuliingia kwenye nyayo za lori ambazo chini yake palikuwa pagumu, na ukishachagua nyayo moja baki humohumo, anayejaribu kuhama katikati tairi la mbele linapanda ukingo kwa pembeni na anadondoka. Palipokuwa na majani pembeni nilipita kwenye majani. Baada ya muda tope likajaa kati ya tairi na madigadi ya mbele mpaka tairi likaanza kugoma kuzunguka, nikazima, nikachokonoa kwa kijiti, likajaa tena, basi nikatoa spana nikaifungua madigadi yenyewe nikaifunga kwenye keria.

Kisha korongo. Maji ya kahawia yanakwenda kwa kasi, juu yetu jua linawaka. Kulikuwa na watu wamesimama, na mzee mmoja kakaa kwenye jiwe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Msivuke kwanza, imenyesha huko juu."

Kijana mmoja mwenye pikipiki alikuwa anasema magoti tu hayo, twende. Mzee akamwambia maji yanayofika gotini yakiwa yanakimbia yanachukua pikipiki, na hujui chini yamechimba wapi. Nilimuunga mkono kwa nguvu zote. Mzee akachomeka kijiti ukingoni pale maji yalipoishia, tukakaa. Baada ya muda mrefu kijiti kikawa mbali na maji, yakashuka mpaka chini ya magoti, yakaendelea kushuka mpaka chini ya kifundo. Nikavua viatu nikavuka kwa miguu kwanza, napapasa mashimo kwa fimbo, nikarudi. Pikipiki nikaivusha nikiwa pembeni yake, gia ya kwanza, injini inavuta, dogo anasukuma nyuma, na yule kijana naye tukamsukumia yake. Ng'ambo nikaendesha kidogo huku nimeigusa breki ili zikauke, breki za ngoma zikilowa hazishiki kabisa.

Tumefika giza linaanza. Mjomba kaizunguka pikipiki na tochi.

"Madigadi iko wapi?"

"Ipo kwenye keria mjomba, tope la bondeni."

"Umefanya vizuri. Sasa mtakaa hapa mpaka lile bonde likauke, sitaki ubishi."

Bibi alikuwa na nafuu, anakula uji. Tukakaa mpaka jua lilipowaka siku kadhaa mfululizo, na kwenye kurudi lile korongo lilikuwa mchanga mtupu, dogo akashuka mwenyewe bila kuambiwa. Tulipofika lami ya Kondoa nikaujaza upepo, nikamwachia yeye usukani, leseni anayo, mimi nikakaa nyuma nimeshika keria mpaka Haneti.