Platini za Honda ya Baba: Muheza, Gerezani, Nairobi

Pistoni niliifunga kwa kipande cha kanga kuukuu, nikaitia ndani ya kopo la maziwa ya unga, na kopo nikalipakata tangu Muheza mpaka stendi ya Magufuli, Mbezi. Silinda yake ilikuwa miguuni, ndani ya kikapu, chini ya machungwa niliyowachukulia wenyeji wangu. Abiria wa pembeni aliniuliza kama kopo lile lina dawa. Nikamwambia ni pistoni ya pikipiki ya baba. Akasema, "Mungu aijalie," kama vile nimemtajia mgonjwa.

Ni Honda CG125. Baba aliitumia miaka yote ya unyapara wake kwenye shamba la mkonge, akizungukia vitalu kabla jua halijachomoza. Sisi watoto tulijua amerudi hata kabla ya kuiona taa, kwa sababu CG ina mlio wake, mkavu, usio na haraka. Alipostaafu aliiegesha stoo nyuma ya magunia, akasema ataitengeneza mwezi ujao. Imekaa pale miaka 19. Mwaka jana akaniambia nimwite muuza vyuma chakavu aje aichukue. Nilimwita fundi.

Fundi wetu ni kijana wa bodaboda aliyejifunza kazi chini ya mwembe, na mikono yake naiamini. Aliifungua injini mchana mmoja. Silinda ilikuwa imelika, pistoni ina michirizi upande mmoja, ringi ya juu imekatika vipande viwili. Platini, vile vijichuma vya kuwashia cheche, zilikuwa zimeungua mpaka zimekuwa na mashimo. Kava la cheni lilimeng'enyuka mkononi kama mkate mkavu. Nilikuwa nimeshaanza kukata tamaa, yeye akacheka.

"Dada, injini hii haina tabu. Injini hii ndiyo tunayopanda kila siku."

Sikumwelewa mpaka aliponileta mbele ya bodaboda ya Kichina iliyokuwa inasubiri kubadilishwa klachi. Aliiweka mifuniko ya valvu sambamba, ya Honda na ya Mchina. Ilikuwa ndugu wa tumbo moja.

Pikipiki nyingine za Honda za wakati ule zilikuwa na kamshafti, mhimili unaofungua valvu, juu kwenye kichwa cha silinda, ikizungushwa na cheni. Kamshafti ya juu inataka oili safi, na mahali ambapo pikipiki ni punda wa kazi, oili hubadilishwa siku ikikumbukwa. Honda waliliona hilo. Mwaka 1976 wakaitoa CG125, kamshafti ikiwa chini karibu na krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, na vijiti viwili virefu vya kusukuma roka za valvu. Cheni ya tairi wakaifunika yote kwa kava la bati ili matope yasiifikie. Mwaka huohuo kiwanda chao cha Manaus, Brazil, kilianza kazi kwa kuunda CG. Baadaye viwanda vya China vikaichukua injini ile na kuifyatua kwa wingi usiohesabika, na ndiyo iliyoko kwenye bodaboda nyingi za Kichina tunazozipanda. Boxer na TVS ni za Kihindi, hizo zina injini zao na spea zake haziingiliani.

Kwa hiyo nilikwenda Dar nikiwa na matumaini makubwa. Kutoka Mbezi nilipanda mwendokasi, nikateremkia Gerezani, na kutoka pale hadi kwenye maduka ya spea ni mwendo wa miguu. Kariakoo ile ina kelele zake, mikokoteni inakupita ubavuni, kila mlango una mtu anayekuita. Mwanamke akiingia duka la spea anaulizwa fundi wake yuko wapi. Nilijibu mara tatu kwamba fundi yuko Muheza, mara ya nne nikaweka pistoni mezani bila kusema neno. Hiyo ilisaidia zaidi.

Muuzaji mmoja alinitolea pistoni mpya ndani ya nailoni. "CG hiyo, dada, chukua." Alichomoa pini ya pistoni yangu akaipenyeza kwenye mpya, ikaingia sawasawa. Niliiona imenenepa kidogo, nikadhani ni kwa sababu ya kwangu imelika. Jioni ilikuwa imeingia, maduka yanafungwa. Nililipa.

Usiku, nyumba ya wageni, nilichukua venia, kile kipimo cha milimita nilichoazimwa na fundi, nikapima. Pistoni ya baba, milimita 56 na ushei. Mpya, 62. Pini zote mbili ni milimita 15, na hiyo ndiyo iliyonidanganya. Asubuhi nilirudi dukani, nikaambiwa mali ikishatoka hairudi. Niliumia, kwa sababu fedha ile niliitenga kwa ajili ya ringi na gasketi pia.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja mchonga silinda, mwenye kibanda cha mashine ng'ambo ya njia, aliyekuwa amesikia majibizano yetu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanivutia kigoda. Akaniambia nisiulize tena "pistoni ya CG", kwa kuwa siku hizi neno CG limekuwa jina la ukoo mzima. Niulize namba. Alifuta injini ya Kichina iliyokuwa sakafuni kwa tambara, akanionyesha maandishi yaliyochongwa: 156FMI. Moja ya mwanzo ni silinda moja, 56 ni kipenyo cha silinda kwa milimita, F ni kupozwa kwa hewa, M ni pikipiki, na I ni daraja la cc 125. Ukiona 162FMJ ujue kipenyo ni 62 na ukubwa ni cc 150. Mwendo wa pistoni ni milimita 49.5 kwa zote mbili, ndiyo maana watu huzichanganya. "Hiyo ya 62 inataka na bloku yake," alisema, "na shingo ya bloku hiyo haiingii kwenye injini yako mpaka krenkikesi, nyumba ya krenki, ichongwe. Usimfanyie hivyo mzee wako."

Kisha akaichukua pistoni ya baba, akaipitisha kwenye mafuta ya taa, akasugua kichwa chake kwa kidole gumba. Masizi yalipotoka, chini yake palikuwa na tarakimu ndogo: 0.25.

"Hii ilishachongwa mara moja, mwanangu. Ya kiwandani ni 56.5. Hii imepanda robo."

Nilimpigia baba palepale. Akanyamaza kidogo, halafu akasema ndiyo, alichongesha Tanga, mimi nikiwa darasa la tatu, na alilipa kwa mikungu ya ndizi na deni la miezi miwili. Jambo hilo sikuwahi kulisikia. Nilikuwa nimeshika mkononi hesabu ya nyumba yetu ya mwaka ule, imegongwa kwenye chuma.

Mzee akanituma niende duka alilolitaja nikatafute pistoni ya CG125 yenye ovasaizi ya 0.50, yaani iliyozidi ya kiwandani kwa nusu milimita, kisha nirudi nayo kabla hajagusa silinda. Mchonga silinda anayejua kazi haanzi na silinda. Anaipima pistoni utakayotumia, halafu anachonga kuifuata hiyo, kwa sababu pistoni mbili za boksi moja zinaweza kutofautiana kiasi ambacho jicho halioni na injini inaona. Nilipata ya 0.50, ya Kichina, pamoja na ringi zake. Saa tisa alasiri silinda ya baba ilikuwa inang'aa kama sufuria mpya, na ndani yake ile michoro myembamba ya kukatizana inayoshika oili. Bei aliyonitoza ilikuwa ndogo mno, nikamwachia na machungwa yote yaliyokuwa kikapuni.

Platini hakuwa nazo, wala hakujua wa kuwa nazo hapo mjini. CG za mwanzo zina umeme wa volti 6 na cheche yake inaendeshwa na platini, vijichuma viwili vinavyofunguka na kufunga kila mzunguko. Bodaboda za siku hizi zina CDI, cheche ya kielektroniki isiyo na platini, na volti 12. "Jaribu Nairobi," alisema, "Grogan. Kule kuna Wahindi na Wakikuyu wazee ambao hawatupi kitu."

Fundi wangu Muheza alinishauri nisijisumbue, nifunge CDI ya Mchina. Nilimsikiliza kwa heshima, tukakaa tukahesabu. Ukiweka CDI unabadilisha na magneti, na sahani ya koili, na betri, na honi, na balbu zote, na nyaya. Pistoni ya Kichina niliipokea kwa moyo mweupe, maana ni ile ile. Lakini kuing'oa mishipa yote ya pikipiki kwa sababu ya vijichuma viwili vinavyoenea kwenye kiganja, nilikataa.

Basi mwezi uliofuata nikashika njia ya Horohoro. Kutoka Tanga mpaka mpakani si mbali, na upande wa pili ni Lungalunga. Matatu ikanifikisha Likoni, nikavuka kwa feri, nikalala Mombasa kwa binamu. Asubuhi treni ya SGR kutoka Miritini. Safari ile naipenda mno: Mariakani, Voi, halafu nyika nyekundu ya Tsavo dirishani na tembo waliojipaka udongo wake. Syokimau nikabadilisha treni, nikashuka katikati ya jiji.

Grogan ni jina la zamani, kibao kinasema Barabara ya Kirinyaga. Vyuma vimening'inia darini kama nyama buchani: fremu, rimu, mabomba ya ekzosi. Maduka matatu walitazama platini zangu wakatikisa kichwa. "Hizi ziliisha kitambo, madam." La nne lilikuwa juu ghorofani, ngazi nyembamba, na ndani mzee mwenye miwani nene na ukuta mzima wa droo ndogo za mbao.

Huyu hakuniuliza modeli wala mwaka. Alizishika platini zangu, akazigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akatazama tundu la skrubu, mkunjo wa springi, na kile kisigino kidogo cha faiba kinachopanda juu ya kemu. Akafungua droo ya tatu kutoka chini, akatoa vipaketi viwili. Kimoja karatasi yake ilikuwa imegeuka manjano, maandishi ya Kijapani. Kingine kilitoka Pakistan. Akaniambia CG125 haijafa huko, Atlas Honda wanaiunda mpaka leo kwa umbo linalokaribia lile lile la zamani, na mtu mwenye CG kuukuu akikwama, afuate mizigo inayotoka upande huo kabla ya kukata tamaa.

Alichukua platini za Kijapani akaziweka juu ya zangu, tundu juu ya tundu. Zilifunikana kabisa. Nilihisi koo limenikaba.

"Hii ni ya nani?" akauliza.

"Ya baba yangu. Yupo hai."

Bei yake ya kwanza ilikuwa shilingi 2,500 za Kenya. Aliposikia kwamba baba yupo hai akasema nilipe 1,500, na akaongeza kondensa. Nilipouliza habari ya kava la cheni alinipeleka mwenyewe kwa jirani yake chini, kwenye fremu ya CG iliyokuwa imening'inizwa, kava lake zima, vipande vyote viwili, lina kutu ya juu juu tu. Mwenye mali alitaka kuuza fremu yote au asiuze kitu. Walizungumza Kikikuyu muda mrefu. Sikuambulia neno, lakini nikaondoka na kava.

Kituo cha SGR wana ukaguzi mkali, mizigo inanuswa na mbwa na kupitishwa kwenye mashine. Askari alilitazama kava kwenye skrini, akaniomba nilifungue, akaligonga kwa kucha, akaniruhusu. Horohoro afisa alitaka risiti, nikampa, akasoma "platini" kwa sauti na kuuliza kama ni madini. Nilimfungulia karatasi ile ya manjano akaziona mwenyewe.

Niliingia Muheza usiku. Injini ilikuwa imeshafungwa, vijiti vimekaa, valvu zimewekewa nafasi ya milimita 0.08. Kulikuwa hakuna umeme. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni ya pikipiki, na sijui alikaa pale tangu saa ngapi. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri vitu vya karibu, nikataka fundi afunge platini. Akasema wamwachie.

Aliomba nailoni ya pakiti ya sigara, ile nyembamba ya nje. Fundi akaivua kwenye pakiti yake. Mimi nikamulika kwa simu kupitia tundu la magneti. Baba aliipachika nailoni katikati ya platini, akaizungusha magneti polepole kwa mkono wa kulia, kushoto anavuta ile nailoni kwa ncha mbili za vidole, anavuta kidogo tu, kama anayevuta uzi kwenye sindano. Ilikuwa imebanwa. Akazungusha tena kidogo. Nailoni ikaachia.

"Soma," akaniambia.

Herufi F kwenye magneti, alama ya wakati wa cheche, ilikuwa imesimama sawa na alama ya kwenye injini, haijazidi wala haijapungua.

Akakaza skrubu, akachomeka plagi kwenye kofia yake, akailaza juu ya mapezi ya silinda, akamwambia fundi apige kiki. Fundi akainua mguu.

"Subiri. Mwanangu, zima hiyo simu."

Nikazima. Stoo yote ikawa giza, na kwenye ncha ya plagi ikaonekana cheche, ndogo, ya samawati, mara moja, kisha tena.

"Volti sita hiyo," baba akasema.