CPU ya mtumba chini ya meza

Simu ya dada karani iliingia saa mbili asubuhi. Hata shikamoo yangu hakuisubiri.

"Mdogo wangu, simu inakataa. Inasema programu haijasakinishwa."

Yeye ni karani wa AMCOS moja, yaani chama cha ushirika cha wakulima, huko Mbozi, na programu anayopokelea kahawa nimeiandika mimi. Mkulima analeta gunia, linapanda mizani, karani anaingiza jina na kilo, risiti inatoka kwenye printa ndogo ya mkononi. Mtandao kule ni wa kubahatisha, kwa hiyo risiti zinakaa ndani ya simu mpaka jioni, akitoka barabarani ndipo zinatumwa. Siku nyingine hatoki.

Wiki ile laptopu yangu ilikuwa kwa fundi Mwanjelwa. Kulikuwa na kosa dogo kwenye kujumlisha kilo, nikaazima laptopu ya jamaa yangu, nikavuta msimbo, nikabildi chapuchapu, yaani nikaugeuza msimbo kuwa programu ya kusakinisha, nikamtumia faili lake la APK kwa WhatsApp, nikalala. Nilichosahau ni kwamba bildi ya chapuchapu husainiwa kwa ufunguo wa majaribio, na kila kompyuta hujitengenezea wa kwake. Android ikikuta saini si ile ya toleo la kwanza, haikubali kuweka jipya juu ya la zamani. Na ina haki. Bila hivyo mtu yeyote angekuwekea programu yake kwa jina la programu yangu.

Mimi, na usingizi wangu, nikamjibu: "Ifute kwanza dada, halafu uweke hiyo mpya."

Akaifuta. Zikaenda nayo risiti 43 za jana yake zilizokuwa hazijatumwa.

Kilichoniokoa ni kitabu chake cha kaboni, ambacho alikuwa akiendelea kukiandika kimyakimya tangu siku niliyomletea ile simu. Nilipanda gari la Tunduma, nikashuka Vwawa, nikamalizia kwa bodaboda, tukakaa kwenye benchi nje ya stoo: yeye anasoma, mimi naingiza. Hakunigombeza. Aliniagizia chai na maandazi, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Wiki iliyofuata nikanunua CPU ya mtumba, lile boksi la kompyuta ya mezani, RAM ya gigabaiti 8, nikaiweka chini ya meza hapa Uyole, nikaipa kazi moja: kuanzia leo toleo lolote la kwenda Mbozi linatoka kwako. Laptopu yangu ni ya kuandikia tu.

Nimeweka Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, na Jenkins, programu inayobildi na kujaribu yenyewe kila msimbo ukibadilika. Kuna njia za kukodi mashine za watu mtandaoni, na kwa wengi ndiyo njia rahisi, ila mimi nilitaka funguo za saini zikae chumbani kwangu. Jenkins yenyewe ilianza kwa jina la Hudson, ikiandikwa na Kohsuke Kawaguchi alipokuwa Sun Microsystems. Jina lilibadilika mwaka 2011 baada ya mvutano na Oracle. Sura yake bado ni ya miaka ile. Haijanisumbua.

Usiku wa kwanza bando la gigabaiti tatu liliisha kabla ya saa nne. Zana za Android, maktaba za Gradle (chombo cha kubildi programu za Android), vyote vinashushwa upya. Kosa lilikuwa langu: niliiambia ifute kila kitu kabla ya kila bildi. Sasa inafuta folda ya mradi tu, halafu inachukua msimbo upya. Akiba ya Gradle, yaani vile ilivyokwisha kushusha, haiguswi. Na kwa kuwa ruta yangu ya laini ya simu haina anwani inayofikika kutoka nje, ghala la msimbo haliwezi kuigongea mlango kusema kuna jipya. Basi Jenkins yenyewe inakwenda kuchungulia kila baada ya dakika tano.

Bildi ya kwanza ilikufa. Maktaba yangu ya kuchapa risiti haikuwahi kuingia kwenye git, ndilo ghala la msimbo, hata siku moja. Ilikuwa imekaa kwenye folda moja ya laptopu, nami nimeishi nayo miezi mingi nikidhani mradi umekamilika. Ya pili nayo ikafa. Faili la majaribio linaitwa Mizani.json, ndani ya msimbo nimeandika mizani.json. Windows ya laptopu haijali herufi kubwa na ndogo. Linux inajali.

Hapo ndipo nilipoanza kuipenda ile CPU. Haijui chochote ninachokijua mimi. Haijui kwamba "lile faili lipo pale", haina mazoea, haikumbuki nilichorekebisha kwa mkono mwezi wa tatu. Kama kitu hakikuandikwa, kwake hakipo.

Lililonitoa jasho, kwenye kipupwe cha Mbeya, ni jaribio moja, kati ya yale yanayoikagua programu kila bildi, lililokuwa likifeli usiku tu. Mchana linapita, saa saba za usiku linafeli, asubuhi linapita tena bila mimi kugusa kitu. Siku tatu nikahisi diski inakufa. Kumbe saa ya seva, yaani ile CPU, ilikuwa imewekwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Kuanzia saa sita usiku mpaka saa tisa, kwetu ni leo lakini kwa seva bado ni jana, na jaribio linauliza risiti za "leo". Dawa ya haraka ilikuwa kuibadili seva isome Africa/Dar_es_Salaam. Sikuifanya. Nilirekebisha programu yenyewe itaje ukanda wa saa, maana simu ya karani nayo inaweza kuwekwa vibaya siku moja, na mkulima akapewa risiti ya tarehe ya jana.

Umeme ukikatika bildi inakufa njiani, lakini kwenye BIOS, ile mipangilio ya mashine yenyewe kabla Ubuntu haijawaka, kuna mahali pa kuiambia mashine ijiwashe umeme ukirudi. Nimeweka. Naujua umeme umerudi kwa feni yake kuvuma, na miguu kupata joto.

Kuhusu namba ya toleo, nilitumia ile ya bildi ya Jenkins. Usiige. Niliposakinisha Jenkins upya ilianza kuhesabu tangu 1, na Android haishuki ngazi: simu yenye 57 haipokei 2. Sasa nahesabu idadi ya mabadiliko yaliyomo kwenye git, ambayo haianzi upya kwa sababu nimebadili diski.

Juzi alipiga tena.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Hiyo 312 imefika. Za leo nimeshatuma zote, nimezihesabu na kwenye kitabu. Niweke?"

"Weka dada."

Nilisikia mizani ikigongwa nyuma yake, mtu anataja kilo 61 na nusu, kisha akaniambia nisikate, anasubiri imalize.