Nimevuka bahari kuwapikia nzi uji

Jana usiku nilikuwa nimemaliza insha mbili za kuomba nafasi ya utafiti wa kiangazi inayolipiwa na serikali ya Marekani, ndipo nikasoma mstari niliokuwa nimeuruka: fedha hizo ni za raia na wakazi wa kudumu tu. Kosa ni langu, maana sharti halikufichwa. Hata hivyo lilinichoma, kwa kuwa wenzangu wawili wa maabara ya biolojia, ninaowafundisha kutofautisha nzi dume na jike, wanaruhusiwa kuomba.

Mjomba haachi kuniuliza kwa nini nilichagua chuo kidogo cha sanaa huria katikati ya mashamba ya mahindi ya Iowa, ambacho humlazimisha mwanafunzi wa biolojia kusoma falsafa na muziki. Mimi humjibu kwamba Thomas Cech, aliyepata Nobeli ya kemia mwaka 1989, alisoma Grinnell, chuo cha aina hiihii katika jimbo hilihili. Na Jennifer Doudna, wa mwaka 2020, alianzia Pomona kule California. Huku chuoni kwetu hakuna wanafunzi wa uzamili wala uzamivu, kwa hiyo kazi ambazo kwingineko zingekuwa zao hutuangukia sisi. Aliyesoma PCB (fizikia, kemia na biolojia) akigombea hadubini moja na wenzake kumi anajua uzito wa jambo hilo.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupika chakula cha nzi wa matunda: unga wa mahindi, hamira, molasi na agari ya kugandisha, uji mzito unaomiminwa katika vichupa ungali moto. Nzi hulazwa kwa gesi ya kaboni dayoksaidi, nami huwatenga kwa brashi ya rangi, wenye macho mekundu huku, meupe kule. Katika nyuzi 25 kizazi kipya hutoka baada ya siku 10 hivi, na nzi hawajui Jumapili. Siku niliyoacha kichupa wazi, vizazi viwili vikachanganyika, mwalimu aliniambia niliandike kosa hilo daftarini kwa wino, kisha akasimama nami kwenye sinki kuosha vyombo.

Wewe unayejaza maombi ukiwa Mbeya au Eldoret, usiishie kuuliza ada. Uliza kama chuo kina fedha zake chenyewe za kuwalipa wageni wakati wa kiangazi, kwa maana viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, inakubana kuhusu kazi za nje ya chuo, na nauli ya kurudi nyumbani unaijua.

Leo asubuhi mwalimu amenieleza kwamba idara imenitafutia fungu la fedha la wiki 8. Nimeshukuru, ingawa hasira haijaisha, kisha nikaenda kuinjika uji.