Swali la katibu lililonifanya nianze upya mti wa ukoo

Nilipojiunga na chama chetu cha historia ya familia nilikwenda na karatasi kubwa iliyokunjwa mara nne. Ndani yake kulikuwa na majina 212 ya ukoo wetu, niliyoyakusanya kwa miaka mitatu kutoka kwa wajomba, shangazi na kila mtu aliyekubali kuzungumza nami. Katibu wa chama aliitandaza mezani, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaweka kidole kwenye jina la dada yake babu mzaa mama. "Hili umelijuaje?"

Sikuwa na jibu. Aliuliza kwa upole, wala hakukusudia kuniaibisha, lakini usiku ule nilipitia karatasi nzima nikijiuliza swali lilelile, na kati ya majina 212 niliweza kueleza chanzo cha 31 tu. Mengine niliyaamini kwa sababu nilikuwa nimeyaandika.

Nikaanza upya. Kwanza nilijifunza kuhesabu mababu kwa namba, utaratibu unaojulikana kwa jina la Kekule von Stradonitz, Mjerumani aliyeueneza mwaka 1898. Wewe mwenyewe ni 1. Baba wa mtu yeyote hupata namba yake mara mbili, na mama huongezewa moja juu ya hapo. Kwa hiyo baba yangu ni 2, mama 3, babu mzaa mama 6, baba yake 12 na mama yake 13. Kila nyaraka niliyoipata niliiandikia namba ya mhusika kwa penseli pembeni mwa bahasha, na faili za kwenye kompyuta nikazipa namba hizohizo. Utaratibu huu una faida nyingine ambayo sikuitarajia: unaonyesha mapengo. Ukiwa na 12 na 13 lakini bahasha ya 13 iko tupu, huwezi kujidanganya kwamba unamjua mama huyo.

Kisha nikarudi kwa mama mkubwa, ambaye ndiye kumbukumbu ya familia. Chama kina siku maalumu ya kufundishana mahojiano, na kanuni ninazozishika hadi leo nilizipata pale. Anza kurekodi kwa kutaja tarehe na waliomo chumbani. Peleka picha za zamani, kwa kuwa uso humfungua mzee kuliko swali. Akinyamaza, nyamaza naye. Na usimwekee jibu mdomoni. Ukimuuliza, "Huyu alikuwa dada yake babu, siyo?" atasema ndiyo, nawe utakuwa umejirekodi mwenyewe.

Mama mkubwa alisimulia kwa dakika 50. Alisema dada yake babu alizikwa kwenye makaburi ya zamani, safu ya ukutani.

Kwa bahati njema, makaburi yale ndiyo chama kilikuwa kikiyanakili. Huwa tunakwenda wawiliwawili: mmoja anasoma herufi kwa herufi, mwingine anaandika, kisha tunabadilishana na kusoma tena bila kutazama alichoandika mwenzake. Ninaipenda kazi hii kuliko zote za chama. Watu hudhani ni kuandika majina tu, kumbe ugumu wake ni kujizuia. Jiwe likisema jina kwa herufi unayoona imekosewa, unaliandika hivyohivyo. Herufi iliyofutika unaiwekea alama ya kuuliza, hata kama una hakika ingekuwa nini. Na jiwe lenyewe halisumbuliwi: hakuna chaki, hakuna povu la kunyolea, hakuna brashi ya waya, maana vyote hivyo huacha madhara kwenye jiwe. Brashi laini na maji matupu vinatosha. Maandishi yaliyochakaa tunayasoma kwa kioo: mmoja anasimama kando na kurusha mwanga wa jua upite juu ya jiwe kwa ubavu, na kila herufi hupata kivuli chake.

Ndivyo nilivyomwona dada yake babu. Jiwe lilikuwa limelala kivulini, kwa macho tu halikuwa na kitu. Mwenzangu aliinamisha kioo, na jina likajitokeza, likiwa na herufi moja tofauti na tunavyolitamka nyumbani. Chini yake: alizaliwa Machi 1909. Mkono ulinitetemeka, na nusura niandike jina kwa herufi zetu za nyumbani. Mwenzangu akanikumbusha, "Andika linavyosema."

Furaha ile ilidumu hadi nilipofika nyumbani na kufungua bahasha ya 6. Nakala ya rejista ya vizazi inasema babu alizaliwa Agosti 1909. Kati ya Machi na Agosti ni miezi mitano. Mama mmoja hawezi kuwazaa wote wawili.

Niliwaza kwamba mojawapo ya tarehe imekosewa, na hilo hutokea sana, hasa tarehe ya kuzaliwa iliyochongwa kwenye jiwe miaka mingi baadaye. Lakini kabla ya kulilaumu jiwe nilisikiliza rekodi upya. Mama mkubwa hakusema popote kwamba walizaliwa tumbo moja. Alisema "dada". Nikarudi kwake na swali jingine: "Baba yake alikuwa nani?"

"Baba yake ndiye aliyekuwa mkubwa, mwanangu. Baba yake babu yako alimfuata."

Alikuwa binti wa baba mkubwa wa babu. Na kwa lugha yetu huyo ni dada. Mimi ndiye niliyemhamishia kwenye nyumba isiyo yake, nikampa namba 13 mtoto asiyemzaa, kwa sababu ya neno moja ambalo sikuliuliza. Sasa kwenye kila rekodi, mtu akisema ndugu, dada au babu, nauliza majina ya wazazi wote wawili.

Nimekuwa nikiwaza sana juu ya wale wanaotafuta jamaa zao kupitia faharasa, yaani orodha za majina yaliyosomwa kutoka kwenye kumbukumbu za zamani. Septemba 2021 FamilySearch, shirika la historia ya familia, walitangaza kukamilisha kugeuza filamu zao milioni 2.4 za kumbukumbu hizo kuwa picha za kidijitali, filamu ambazo kazi ya kuzipiga ilianza mwaka 1938. Ni hazina kubwa. Ila picha haitafutiki kwa jina mpaka jina hilo lisomwe na kuingizwa kwenye faharasa, na aliyesoma vibaya humficha marehemu asionekane na wajukuu wake. Ndiyo maana nikipata jina kwenye faharasa sifungi daftari mpaka nione picha ya ukurasa wenyewe.

Mti wangu sasa una watu 94. Wanaoishi hawaonekani kwenye nakala ninayowapa wengine, kwa kuwa hawajaniruhusu wote. Binti wa baba mkubwa yupo kwenye tawi lake, na jina lake limeandikwa mara mbili: lilivyo kwenye jiwe, na mama mkubwa anavyolitamka. Mwezi ujao tunanakili safu ya pili kutoka ukutani. Kioo nitashika mimi.