Nitaandika ninachokijua

Amekubali. Msimamizi wangu wa tasnifu, yule ambaye dada anamwita "wa kalamu ya risasi", amekubali kuniandikia barua ya mapendekezo. Wiki hii bosi ametangaza kwamba anaacha kazi na kaka amemvisha pete yule wa siku zote, lakini mimi kinachoninyima usingizi ni mistari miwili ya barua pepe.

Nilimwandikia kwa heshima zote. Shikamoo Profesa, jina langu kamili, mwaka niliomaliza, masomo aliyonifundisha, vyuo ninavyoomba na tarehe ya mwisho ya kila kimoja. Nikaambatisha wasifu, matokeo na rasimu ya maelezo binafsi. Sikumuuliza kama anaweza kuandika barua. Nilimuuliza kama anaweza kuandika barua yenye uzito, maana barua ya "alikuwa mtiifu na alihudhuria vipindi" inamzika mwombaji bila kelele, na mtu asiye na la kusema anastahili kuachiwa mlango wa kukataa.

Akajibu siku hiyohiyo: "Marahaba. Nitaandika. Nitaandika ninachokijua."

Anajua nini?

Anajua nilipata C kwenye somo lake la kwanza. Anajua nilipotea kwenye semina zake kipindi kile baba amelazwa, ila sina hakika kama aliwahi kuambiwa sababu. Anajua nilimpinga mbele ya darasa zima kuhusu namna ya kuchagua sampuli. Alinitazama, akafunika kalamu, akaendelea na somo. Sentensi yake nimeisoma kwa sauti ya ukali, nikaisoma kwa sauti ya upole, na zote mbili zinamfaa.

Mama ana hoja yake: "Ameanza na marahaba. Mwenye kinyongo haitikii salamu." Dada naye: "Ulitaka aandike asichokijua?"

Na sitaisoma kamwe. Fomu za vyuo vya Marekani, ambavyo vingi vinataka barua tatu, zinakuuliza kama unaachia haki yako ya kuziona. Kuna sheria ya huko ya mwaka 1974 inayompa mwanafunzi aliyekwisha kusajiliwa haki ya kufungua kumbukumbu zake, barua hizi zikiwemo, isipokuwa awe ameiachia haki hiyo kwa maandishi. Kila aliyepita njia hii anakushauri uiachie, kwa kuwa wanaochagua huiamini zaidi barua ambayo mwombaji hataiona. Nikaweka tiki. Kiungo kinakwenda moja kwa moja kwa Profesa, naye baadhi ya fomu zinamtaka aseme niko wapi kati ya wote aliowahi kuwafundisha: katika asilimia 5 ya juu, 10, 25, au chini ya hapo. Kwangu mimi ukurasa unaonyesha tu kama barua imepokelewa.

Mwalimu wangu wa takwimu aliniambia barua niandike mwenyewe, yeye atasaini. Najua ni jambo la kawaida na wengi hawana njia nyingine, siwalaumu. Mimi nilimshukuru nikaomba kwa mwingine. Barua hii ina thamani kwa sababu mtu mwingine, aliyekuona ukifanya kazi, amekaa chini akafikiri juu yako. Nikiiandika mimi, wale wanaosoma watakutana na mimi mara mbili na mwalimu wangu hawatakutana naye kabisa.

Nilikuwa nimefika hapo kwenye kuandika jana, nikiwa na hofu ileile, simu ikalia: ujumbe wa Profesa.

"Ile sura ya nne uliyoifumua wakati wa likizo. Bado unayo? Nitumie ya kwanza na ya pili. Nataka kuieleza vizuri."

Nilikaa kwenye ngazi za ofisi nikaisoma tena na tena. Sura ile ya matokeo alinirudishia ikiwa na maneno machache pembeni, kwa kalamu ya risasi: "Data yako inasema kingine." Ilikuwa kweli. Niliivunja yote, nikarudia hesabu, hitimisho likageuka, na aliponipokea ile mpya alitikisa kichwa tu akasema niendelee na ya tano. Nilidhani kwake lilikuwa jambo la siku moja. Miaka imepita, wanafunzi wamepita, na analikumbuka mpaka namba ya sura.

Nimezituma zote mbili. Mikono ilikuwa inatetemeka kwa furaha.

Sasa kuna jicho la mama. La kushoto limeanza tena kuona ukungu, naye anasisitiza ni miwani imechakaa. Kliniki ni Jumatatu na dada yuko zamu. Bosi anaondoka na hatujaambiwa nani anashika nafasi yake, kwa hiyo kesho nitazunguka ofisini kutafuta wa kunisainia ruhusa. Akikosekana nitampeleka mama hivyohivyo.